Alama Chini ya Sahani

Valérie ni muke wa mudogo wangu Emery. Kama unasikia watu wa Nyakasanza wanasema iko ndoki, mulozi, waambie waje kuniuliza mimi, Clarisse, juu nilikuwa pale na macho yangu yote mbili. Mimi siko mutu wa kuamini hadithi ya kila mulevi. Ulimi yangu wanaijua hapa Bunia, nikiona uongo ninasema uongo. Hii haikuwa uongo, na ingekuwa afazali iwe.

Ilikuwa ile miaka ya kupumua kidogo, kisha ya vita kubwa, mbele ingine haijaanza. Soko ilijaa, watu walijenga, ndoa kila mwisho wa juma. Lakini mutu akipiga mulango kwa nguvu, wote munanyamaza kwanza.

Siku ya Mungu, kisha ya misa, watu walipenda kupita kwa Valérie kuangalia vitrini yake. Emery alimutengenezea kwa mbao ya libuyu, na vioo mbele, na kufuli. Ndani alipanga sahani ya zamani: ile ya maua ya wakati wa Wabeleji, bakuli ya supu yenye ilitoka nyumba ya wazungu wa mugodi kule Nizi, vikombe vyembamba mpaka unaona kidole yako ngambo ingine. Kwa etajeri ya chini, vyungu vyeusi vya udongo vya wakoko wetu, wazee wa zamani. Hakuna mutu alikula kwa zile sahani. Nilimuchokoza, wifi kwa wifi: «Semeki, siku moja utatuweka siye nyuma ya kioo, sahani ikae kwa meza.» Alicheka kidogo, akaendelea kupangusa.

Kitu yenye ilinishangaza ni namna alinunua. Sokoni wamama wengine wanaangalia maua, wanagonga na kidole kusikia kama sahani imepasuka. Yeye aligeuza kwanza. Aliangalia matako ya sahani, akairudisha chini, akaenda kwa ingine. Akinunua, ni kwa sababu chini iko na alama ya mutu.

Hapa kwetu, ukiwa na kilio ya musiba ao ndoa, unaazima sahani kwa majirani wote. Kwa hiyo kila mama anaweka alama yake chini, na verni ya kucha: huyu nukta, huyu musalaba, huyu herufi. Kilio ikiisha, tunaosha, tunapanga yote kwa mukeka kifudifudi, alama juu, na kila mutu anachukua yake bila matata. Mimi mwenyewe njo ninasimamiaka ile kazi kwa parokia. Sasa, kwa vita watu walichukua mabati, milango, vitanda, na sahani pia. Sahani ya wafu ilizunguka masoko mpaka Bule, mpaka Kpandroma, na alama ya wenyewe ingali chini.

«Unatafuta nini huko chini?» nilimuuliza siku moja.

«Muguu wa kuku, yaya. Mistari tatu, rangi nyekundu.» Aliniitaka yaya, dada yake mukubwa.

Ilikuwa alama ya mama yake. Yule mama alikuwa na sahani nyeupe ya mupaka wa bluu, urithi wa koko yake. Kila alipoiwekea alama, tone ya mwisho ya verni alipaka kwa kucha ya kidole kidogo ya Valérie, akisema: «Na huyu pia ni wangu, asibaki kwa kilio ya watu.» Walikuwa wanakaa Bankoko, wao wawili tu. Asubuhi moja ya ile vita mama alifunga kitambaa kwa kichwa, akasema: «Kilio ya ngambo ya mutoni iliisha jana. Nikichelewa watanichanganyia sahani. Weka maji kwa moto, mbele ichemuke nitakuwa nimerudi.» Akaenda. Masasi ya bunduki ilianza jua haijafika katikati. Maji ilichemuka, ikakauka, sufuria ikaungua. Mama hakurudi, na hakuna mutu aliona maiti yake.

Valérie alinielezea vile bila kulia. Kwa moyo wake, mama alivuka ziwa, iko Uganda, iko muzee sasa, siku moja atatuma habari. Ndugu zake walitaka kufanya kilio, akakataa. «Munalilia mutu muzima?» aliwauliza.

Matata ilianza wakati wa mvua. Asubuhi moja alikuta sahani moja kifudifudi ndani ya vitrini, na kufuli imefungwa. Nilishitaki watoto wake na Emery, nikawafinya masikio bure. Kesho yake zilikuwa mbili. Kisha siku moja, yote. Yote kifudifudi, alama juu, namna tunapangaka kwa mukeka.

Ile siku nilikuwa pale. Tulikuwa tumekula, mvua inapiga mabati, tunasikia hodi. Mama mumoja alisimama mulangoni, amefunga kikwembe safi. Mvua ilikuwa kubwa na yeye alikuwa mukavu.

«Minakuja kuchukua sahani yangu,» alisema polepole.

Valérie hakumuuliza kitu. Alifungua vitrini. Yule mama aliangalia, akachagua sahani yenye nukta ya kijani, akaiweka chini ya mukono, akasema asante. Akatoka.

«Sasa unagawa mali kwa kila mupita njia?» nilimukemea Valérie.

Alinionyesha vitrini. Sahani ilikuwa ingali pale. Niliitoa, nikaigeuza. Nukta ya kijani haikuwa tena.

Kisha siku kidogo alikuja mwingine. Huyu nilimujua. Alikuwa Mama Chancelle, jirani yangu wa zamani. Nilisimamia sahani kwa kilio yake. Nilitupa udongo kwa kaburi yake na huu mukono.

Alinitazama, akatabasamu.

«Clarisse, ungali unapigiaka watu kelele?»

Alichukua yake, akaenda na mvua. Mukojo ilikuwa karibu kunitoka, sitaficha.

Tulipobaki wawili nilimuambia Valérie ukweli: huyu mama tulimuzika. Nilifikiri atapiga yowe. Alikaa, akawaza.

«Kwa hiyo ni wenye walikufa tu njo wanakuja?»

«Njo vile.»

«Basi mama yangu hajakuja.» Akaanza kucheka na machozi inamutoka. «Yaya, iko muzima. Iko muzima kabisa.»

Tangu aingie kwetu sikuwa nimemuona na furaha ya vile. Ile jioni alipika kuku.

Wamama waliendelea kuja, mumoja mumoja, kila mara kisha ya chakula, kila mara kwa adabu. Valérie aliwafungulia bila woga. Alama ziliisha chini ya sahani zake, na kila moja iliyoisha ilimuzidishia nguvu, juu haikuwa muguu wa kuku.

Kisha tulienda soko. Mama mumoja wa Butembo alikuwa ametandika vyombo chini. Valérie aligeuza sahani nyeupe ya mupaka wa bluu, namna yake ya kila siku. Mistari tatu. Nyekundu.

Aliitafuta ile sahani tangu utoto. Nilifikiri ataimba. Alikaa chini kwa matope, katikati ya watu, akaikumbatia.

Hakuiweka kwa vitrini. Aliifunga ndani ya kikwembe, akaizika chini ya nguo ndani ya sanduku, akanishika mikono yote mbili.

«Akija, tutamuambia haiko.»

Alikuja.

Mimi njo nilifungua. Mama mufupi, kitambaa imefungwa mbio mbio kwa kichwa, anahema kidogo. Nilikuwa ninangojea muzee. Huyu alikuwa na umri wa Valérie, na uso moja, mutu angesema ni mapacha.

«Hodi, mama. Minakuja kuchukua sahani yangu. Ile ya mupaka wa bluu.»

Nyuma yangu Valérie alikuwa amesimama kwa mulango wa jikoni. Alisema:

«Haiko.»

«Haiko?» Yule mama aliangalia saloni yote, akatikisa kichwa. «Basi miende nitafute kwengine. Asante, mama.»

Kesho alirudi. Na kesho yake. Kila siku haiko, kila siku asante. Valérie alianza kumungojea. Alivaa vizuri, aliweka kiti, alipika sombe, mboga ya majani ya muhogo, yenye mama yake alipenda. Mama hakukaa, hakuonja. Na alikuwa anachoka. Visigino vilipasuka. Kisha alikuja akiegemea ukuta. Kisha akijikokota. Nikiangalia barabara nilimuona anapiga hodi kwa nyumba ya kila mutu, na hakuna mutu anamufungulia, juu hakuna mutu alikuwa anamuona.

«Umupatie,» nilisema. «Mutoto gani anatembeza mama yake vile?»

«Nikimupatia, atakuwa amekufa.»

«Amekufa, Valérie.»

Miaka yote ile hakuna mutu alikuwa amemuambia ile neno wazi. Aliniangalia kwa chuki, na nilistahili. Kisha akainama, akafungua sanduku.

Mama alipofika, Valérie alimupatia na mikono mbili. Yule mama aligeuza sahani, akapitisha kidole kwa ile mistari tatu, na uchovu yote ikamutoka. Akasimama wima.

«Mungu akubariki. Ninaenda mbio, niliacha mutoto wangu peke yake na maji kwa moto.»

«Mama, ni mimi.»

Alimuangalia vizuri, na ile heshima unapatiaka mugeni.

«Mutoto wangu iko mudogo,» alisema. Akatoka.

Nilingojea Valérie aanguke. Hakuanguka. Alinivuta kwa mukono.

«Yaya, anaenda Bankoko. Hakuna mutu kule nyumbani.»

Tulipanda piki, siye wawili nyuma ya dereva, matope inaturukia. Kwa parseli yao, kile kiwanja ya zamani, ilibaki kipande ya ukuta, majani, na mawe tatu ya kupikia. Valérie alivunja vijiti na mikono. Mimi niliazima sufuria na maji na kaa la moto kwa majirani. Moto ilikataa, kisha ikashika.

«Sasa simama kule,» aliniambia. «Aliniacha peke yangu. Akikuta mutu mwingine atapita.»

Nilisimama kwa lupango, pembeni ya kiwanja, mugongo kwa Valérie. Mvua ilianza tena. Nilisikia maji inaanza kuimba. Kisha nikasikia sauti ya mutoto mudogo, nyuma yangu kabisa.

«Mama, maji inachemuka.»

Na kitu kama sahani iliwekwa juu ya jiwe. Ko.

Sikugeuka. Ninawaapia, sikugeuka mpaka kimya ilirudi. Valérie alikuwa amekaa peke yake, amelowana. Mvua ilikuwa imezima moto kabisa, na maji ilikuwa inachemuka.

«Alinijua,» alisema.

Tulifanya kilio, na Valérie alilia kwa miaka yote. Nilisimamia sahani. Tulipopanga kwa mukeka, kila mama alichukua yake, ikabaki moja, ya mupaka wa bluu. Tulikuwa tumeikuta tena ndani ya sanduku yake, namna zile zingine zilibaki kwa vitrini. Chini ilikuwa nyeupe tupu.

Valérie alinipokea beseni, na niliona kidole yake kidogo. Kucha ilikuwa nyekundu, verni mpya, inanuka bado.

«Unapaka verni kwa kilio ya mama yako?»

«Sikupaka, yaya.»

Tulisugua na asetoni. Tulisugua na majivu na ndimu. Alikata, ikaota nyekundu. Mpaka leo inaota nyekundu.

Emery anasema tuache, ni kumbukumbu. Emery hajasimamia sahani hata siku moja. Mimi ninajua alama iko ya nini. Kitu yenye alama haibaki kwa watu, mwenyewe anakuja kuichukua.

Jana nilipita kumusalimia, kisha ya chakula. Vitrini ilikuwa wazi, watoto wanakula kwa sahani ya Wabeleji. Yeye alikaa mulangoni na mulango wazi, kile kidole juu ya goti, anaangalia barabara. Jikoni alikuwa ameweka maji kwa moto. Nilimuuliza kama haogopi.

«Weye, yaya, mama yako akikuja kukuchukua kwa kilio ya watu, utaogopa?»

Nilienda jikoni, nikatoa ile maji kwa moto mbele ichemuke.