Nilizunguka Mji wa Ufaransa Kinyumenyume, Nikakuta Mahari Inajadiliwa

"Na mahari je? Tunazungumzia ngamia wangapi?"

Hayo ndiyo maneno niliyoyasikia nikiwa nje ya dirisha, wasomaji wangu...

Na sauti iliyojibu ilikuwa ya binti yangu!

Hodan. Mwanangu wa pekee. Aliyeniambia asubuhi ile ile kwamba anaenda zamu hospitalini!

Nilishika ukuta. Ukuta wa mawe wa mji wa watu, mbali sana na Galbet, Garissa. Magoti yalikuwa yamechoka zamani. Sasa na moyo nao ukachoka.

Ngoja niwaeleze nilifikaje pale.

Mimi ni Yarrow. Maisha yangu yote nilikuwa dalali wa mifugo. Kusoma nilisoma ukubwani, ngumbaru, na ndevu zangu kidevuni. Mkiona Kiswahili changu kimenyooka, jueni nimekitolea jasho.

Mke wangu Ramlo alipofariki, nyumba ilikufa pamoja naye. Nikawa naongea na birika la chai.

Hodan ni muuguzi Ufaransa, katika mji mkongwe wenye nyumba za mbao zilizoinamiana kama wazee wanaoteta. Nikasafiri "kumsalimia".

Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Ukweli ni kwamba nilienda kumrudisha nyumbani. Nani angenipikia? Nani angenipima presha? Nilikuwa nasubiri tu siku nzuri ya kumwambia.

Siku hiyo asubuhi akanishusha kwenye lango la mji wa kale.

"Aabo, leo niko kazini. Tembea mwenyewe uone mji."

"Mwenyewe? Mgeni anaachwa atembee mwenyewe?"

"Hapa ndivyo wanavyofanya. Huhitaji mtu wa kukuongoza. Ona hizi alama chini, zifuate tu. Zitakuzungusha mji wote, na mwisho wake nitakuja kukupokea."

Akaondoka mbio, hata hakugeuka.

Wallahi, iliniuma. Kwetu hata mgeni usiyemjua unamsindikiza. Mimi babake nimemwagwa barabarani kama mzigo!

Nikainama nikatazama zile alama. Ni magamba ya shaba, mfano wa kombe la baharini, yamepachikwa katikati ya mawe ya barabara. Upande mmoja umechongoka, upande wa pili ni mpana na mistari imetawanyika kama vidole.

Sasa sisi tuliokulia nyuma ya ngamia, unyayo hatufundishwi. Vidole viko mbele! Nikafuata vidole.

Kibao cha kwanza nilichokikuta kimeandikwa kumi na tisa. Cha pili, kumi na nane. Nikasema labda Wafaransa nao wanaanzia upande ule wa pili, kama kitabu cha Kiarabu.

Ajabu ni kwamba kila Mzungu niliyekutana naye alikuwa anakuja, mimi naenda. Mama mmoja mwenye kofia akanishika kiwiko, akaninyooshea kidole nyuma yangu.

"Asante mama," nikamwambia. "Njia naijua."

Nikapita soko lenye paa la vigae vyeusi. Nikapita kanisa ambalo mlango wake peke yake ni mrefu kuliko nyumba yangu. Vizuri, sikatai. Lakini uzuri ukiutazama peke yako unachosha. Nilitamani Ramlo awepo nimwambie, "Tazama!" Nikakaa ukingoni mwa kisima kikavu, nikapumzika, nikainuka tena...

Nilipokikuta kibao namba moja niko karibu kabisa na lile lango nililoanzia. Pembeni yake kuna nyumba ya zamani ya mhunzi, na chini yake mkahawa mdogo. Dirisha liko wazi, harufu ya iliki inatoka.

Ndipo nikasikia habari ya mahari.

Nilisukuma mlango!

"Warya! Nani amekupa ruhusa ya kumposa binti yangu?!"

Ndani kulikuwa na mzee wa Kisomali, ndevu zake zimepakwa hina. Hodan ameketi mbele yake na shela yake nzuri ya sikukuu. Eti hospitalini!

"Aabo! Umefikaje sasa hivi?"

"Nyamaza! Naongea na huyu!"

Yule mzee akatua kikombe taratibu. "Mimi ni Bare, mkahawa huu ni wangu. Nimemposa nani?"

"Hodan! Nimesikia kwa masikio yangu!"

Bare alinitazama. Akamtazama Hodan. Kisha akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ndugu yangu, binti yako haposwi. Yeye ndiye aliyekuja kuposa!"

"Kumposa nani?"

"Dada yangu, Habibo."

"Amposee nani?!"

Wote wawili wakanitazama mimi.

Nilikaa bila kukaribishwa.

"Hodan... mtoto wa kike amposee babake? Imeonekana wapi? Hiyo ni kazi ya wazee!"

"Wazee gani, Aabo? Wazee wako wote wako Garissa. Huku una nani wa ukoo wako isipokuwa mimi?"

"Na ukanificha!"

"Si wewe uliyenifundisha? Kwanza huulizwa kimyakimya, ili mwanamume akikataliwa asiaibike."

Ni kweli, nilimfundisha.

Pazia la jikoni likafunguka. Akatoka mama mtu mzima, mrefu, macho makavu.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Ndiye," Hodan akasema.

"Mbona ametokea upande wa mwanzo?"

Bare akachungulia nje. "Subhanallah! Ncha ya gamba ndiyo inayoonyesha njia, huyu ameuzunguka mji kinyumenyume!"

Habibo hakucheka. Akaketi mbele yangu.

"Mimi ndiye niliyetaka utembee peke yako. Marehemu mume wangu nilimuuguza mpaka nikasahau usingizi. Nilimpenda, Mungu amrehemu. Lakini nimechoka, Mzee Yarrow. Mwanamume anayetafuta muuguzi simtaki. Nilitaka kuona kama unaweza kuzunguka bila kushikwa mkono."

"Nimezunguka."

"Kinyumenyume."

"Lakini nimefika!"

Mdomo wake ukacheza kidogo.

"Baridi ya huku imenishinda. Kwetu ni Tarbaj, nataka kurudi nikazeekee kwenye jua. Ila nijibu moja. Wewe huku ulifuata nini?"

Nikamtazama Hodan. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yamejikunja kama mtu anayesubiri hukumu.

Hapo ndipo nilipoelewa, wasomaji wangu...

Alijua! Alijua tangu siku niliyompigia simu kumwambia naja. Mtoto wangu hakuwa ananitafutia mke. Alikuwa anajikomboa!

Uchovu wote wa ile safari ukanishukia mara moja.

"Nilikuja kumchukua binti yangu," nikasema.

"Na utarudi naye?"

"Hapana. Ukinikubali au ukinikataa, nitarudi bila yeye."

Hodan alilia kama siku tuliyomzika mamake. Habibo akasimama, akanimiminia chai, akasukuma sukari upande wangu.

"Weka mwenyewe," akasema.

Mnataka kujua kama alinikubali? Bado anafikiria. Mwanamke yule hana haraka, na mimi sina nguvu za kumharakisha.

Niko Galbet sasa. Najipikia, najipimia presha. Wali wangu bado unaungua.

Wazazi wenzangu, chukueni hili. Mtoto uliyemsomesha si mkongojo wako. Ukimwegemea kwa uzito wako wote atavunjika, na atakuwa mpole mno hata kukuambia anavunjika.

Zamani Hodan akipiga simu alikuwa anaongea harakaharaka, kama mtu anayelikwepa swali. Siku hizi anaongea mpaka sikio linapata moto. Mimi ndiye ninayechoka wa kwanza, nikamwambia, "Haya mwanangu, utachelewa kazini."