Ngome Yenye Wakuu Arobaini

Fundi cherehani alikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ilikuwa kushona sare za shule. Kazi ya pili, akipumzika, ilikuwa kujenga ngome.

Ngome hiyo haikuwa ya mawe. Ilikuwa ndani ya simu, katika mchezo unaochezwa na watu walio mbalimbali kwa wakati mmoja. Kundi lake lilikuwa na watu arobaini, na wengi hakuwahi kuwaona kwa macho. Kwa miaka miwili walikuwa wameijenga ngome yao tofali kwa tofali.

Jumamosi alasiri kulikuwa na shindano. Kundi lisilofikisha watu thelathini lingefungiwa nje, na ngome yake ingebomolewa.

Jumatano asubuhi fundi alifungua simu, akakuta kundi limebaki na watu kumi na tisa.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa mlangoni, miwani puani, simu mkononi. Naye alikuwa wa kundi hilo. Fundi alimuuliza kama anajua watu wamekwenda wapi.

"Nimewatoa," alisema mama mkwe, kama mtu aliyemaliza kuchambua mchele.

"Wote hao, Mama? Wamekosa nini?"

"Hawaamkii. Mtu anaingia asubuhi, salamu hana, anaanza kudai mishale. Mimi nimemkopa mishale?"

Fundi alikaa chini. Kosa lilikuwa lake. Kundi lilipoanza, aliogopa kuudhi watu. Aliyeomba ukuu, alimpa. Asiyeomba, alimpa pia, asije akanuna. Sasa wote walikuwa wakuu, na kila mmoja aliweza kuingiza watu na kutoa watu. Muuza nyama mmoja wa kundi alibomoa ukuta wa ngome ili apanue zizi. Dereva wa lori akaujenga. Muuza nyama akaubomoa tena. Vita vikija, wote waliamuru, na langoni hakusimama mtu.

Na kumnyang'anya mama mkwe cheo ni sawa na kumkata simba kucha. Fundi alimwomba mumewe akaseme na mama yake. Mume alikumbuka ghafla kwamba paa linavuja, akapanda juu.

Mchana jirani yao alikuja kuchukua aproni aliyoileta kushonwa. Alikuwa mpishi mkuu wa shule, mtu wa makamo. Alisikiliza habari yote, akacheka mpaka akashika meza.

"Kitendawili, jirani."

"Tega."

"Chungu changu kina wapishi saba, lakini chakula hakina chumvi."

Fundi alifikiri. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Jiko langu, mwaka wa kwanza. Kila mmoja alidhani mwenzake ametia. Kesho yake kila mmoja akatia, na watoto mia sita wakanywa maji mpaka mabomba yakakauka."

Akaeleza walivyofanya baadaye. Chumvi ilipewa mwenyewe mmoja, na moto ukapewa mwingine. Majina na kazi vikaandikwa ukutani, kila mtu avione. Kiongozi awe mmoja, alisema, na msaidizi wa kushika nafasi yake. Wachaguliwe kwa muda, wasizeekee humo. Na kumtoa mtu kusiwe kwa hasira ya mmoja. Aonywe kwanza, halafu watatu wakubaliane.

"Na yule?" fundi alinong'ona, akionyesha mlango kwa kidevu.

"Yeye anapenda nini?"

"Kuamkiwa."

"Basi kazi yake umeshaipata."

Siku ileile fundi aliwaandikia wote waliotolewa, akaomba radhi, akawarudisha. Walipiga kura. Fundi akawa kiongozi kwa miezi mitatu, dereva wa lori akawa msaidizi wake na mwangalizi wa ukuta. Muuza nyama alipewa zizi, na akaambiwa liishie lilipo. Lango alipewa nesi mmoja asiyebembelezeka.

Kisha fundi akaenda mlangoni.

"Mama, tunahitaji mpokeaji wa wageni. Kila anayeingia apite kwako kwanza, akuamkie, umsomee sheria."

Mama mkwe alivua miwani. "Na kutoa watu?"

"Mpaka watatu wakubaliane, Mama. Hata mimi peke yangu siwezi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Nikikosa adabu, natoka."

Mama mkwe aliifuta miwani kwa pindo la kanga, akaivaa tena. Juu ya paa nyundo ilinyamaza.

"Hilo nimelipenda," alisema.

Jumamosi waliingia watu thelathini na wanane. Wawili walikuwa wamenuna moja kwa moja. Vita vikaanza. Ukuta ulisimama, kwa sababu hakuna aliyeugusa ila dereva.

Katikati ya vita, mtu wa upande wa pili alimwandikia mama mkwe: "Shikamoo, Bibi. Naomba unifungulie lango."

Sifa za mama mkwe za kupenda kuamkiwa zilikuwa zimefika mbali. Fundi aliuchungulia ujumbe huo begani mwake. Juzi tu, kwa salamu kama hiyo, mama mkwe angefungua lango na kumtandikia kitanda.

Mama mkwe aliandika polepole, kwa kidole kimoja: "Marahaba, mwanangu. Umelelewa vizuri. Lakini lango lina mwenyewe."

Shindano lilipokwisha, ngome ilikuwa imesimama. Mume, aliyekuwa amepanda tena juu ya paa, alishuka kuuliza kama kuna amani. Alimkuta mama yake akisema na fundi.

"Yule aliyeniamkia, kumbe kundi lake limevunjika baada ya kushindwa. Muulize nesi kama anaweza kumwingiza." Akaiweka sawa miwani yake. "Akikubali, mlete kwangu nimsomee sheria."