Kitambaa cha Falaniko

Jua lilikuwa linazama Lepeka alipoinama ufukweni upande wa bahari kuu kuokota vijiwe vyeupe vya matumbawe. Vilikuwa vya kaburi la mumewe, na mama mkwe wake, Akenehe, alivitaka laini, tena kabla ya kengele ya sala. Bibi huyo haambiliki. Kikapu kilikuwa nusu Lepeka aliposikia mtu akikohoa miambani.

Akainua kichwa. Hapakuwa na mtu.

Kisiwani kwao haiitikiwi sauti inayotoka baharini jioni. Mtoto hulijua hilo kabla hajajua kuoga mwenyewe. Lepeka akajitwika kikapu, akaondoka bila kugeuka.

"Le... pe... ka..."

Akatoka mbio, vijiwe vikimwagika nyuma yake.

Mumewe, Falaniko, alikuwa ameenda kuvua jodari, asirudi. Meli ya kutoka Apia, mji mkuu, ilimtafuta ikachoka. Lepeka alitaka kungoja zaidi, Akenehe hakutaka kusikia.

"Mwanangu anatangatanga huko nje hana pa kulala, wewe unangoja nini?" alimfokea. "Au umeshapata bwana mwingine?"

Basi kikatandikwa kitambaa ufukweni, kama wanavyofanyiwa wote waliopotelea baharini. Mdudu wa kwanza kutambaa juu yake hukung'utwa. Akirudi, hukung'utwa tena. Akija mara ya tatu, huyo ndiye roho ya marehemu. Hufungwa ndani ya kitambaa na kuzikwa kama mtu.

Siku hiyo alikuja tandu, mweusi, mrefu. Akakung'utwa. Akarudi. Mvua ilikuwa inaanza, na Akenehe alikuwa amechoka kulia, akamfunika palepale badala ya kumkung'uta mara ya pili. Tandu akamuuma kidole.

"Amenishika mkono," Akenehe alisema, anatabasamu. "Mwanangu amenishika mkono."

Nani angethubutu kumkosoa mama aliyefiwa? Wakamzika tandu kando ya ukuta wa nyumba. Tavite, mwalimu wa dini, akaliombea kaburi na kulipa jina la Falaniko. Tangu hapo kila jioni Lepeka alikuwa akikaa pale, akiongea na mumewe. Walivyotongozana, walivyogombana, mambo ya chumbani ambayo hakuwahi kumwambia binadamu yeyote. Kilikuwa kitulizo chake cha pekee, maskini.

Sasa aliingia ndani roho juu, akafunga mlango kwa komeo.

"Mama, kuna mtu miambani. Ameniita jina langu."

"Umeitika?"

"Sijaitika."

"Basi kaa chini tusali."

Wakasali. Kengele ikalia, ikanyamaza. Kisha ikaja harufu ya mwani uliooza, na nyuma yake harufu ya kidonda. Kitu kikawa kinajiburuta juu ya changarawe. Polepole. Kinapumzika... kinajiburuta tena.

Kikafika mlangoni. Kucha zikakwaruza ubao, chini kabisa, karibu na sakafu.

"Mama... maji..."

Lepeka nywele zilimsimama. "Mama! Ni yeye! Ni Falaniko!"

"Nyamaza!" Akenehe alinong'ona kwa ukali. "Mwanangu alikuwa anaongoza nyimbo kanisani. Hiyo ni sauti? Mwanangu nimemzika mwenyewe."

"Tumezika tandu, mama."

Akenehe akamzaba kofi. Lepeka hakulijali. Alikuwa ameshachukua dafu na panga, analifungua, maji yanamwagikia mikononi. Akashika komeo.

"Lepeka, usifungue."

Sauti hiyo haikutoka mlangoni. Ilitoka upande wa pili, nyuma ya ukuta, kwenye kaburi. Ilikuwa nzuri, nzito, yenye utani ndani yake, sauti ileile ya Falaniko.

"Huyo ni mzimu, mke wangu. Amevaa ngozi yangu. Mimi niko hapa mlikoniweka."

Akenehe akapiga magoti, akiukumbatia ukuta. "Mwanangu! Mwanangu wee!"

Lepeka alibaki katikati ya chumba, dafu mkononi. Alimpenda mumewe kuliko pumzi yake. Akifungulia mzimu watakufa wote wawili. Asipomfungulia mumewe...

"Siku ya harusi yetu," alisema, "ulinifanyia nini?"

Mlangoni kikohozi. "Ma... ji..."

"Nilikukanyaga gauni likachanika mgongoni," kaburi likajibu huku likicheka, "ukaniita nguruwe mbele ya watu. Na usiku ukalia kwa sababu ya gauni, si kwa sababu yangu."

Hakuna mwingine aliyeyajua machozi yale. Lepeka akaliweka dafu chini, akakaa mbali na mlango na kuziba masikio. Kucha zilikwaruza muda mrefu sana. Mwishowe zikawa zinagusa tu.

Kisha hazikugusa tena.

Kulipokucha wanaume walikuja na Tavite. Juu ya kizingiti alilala mtu aliyebabuliwa na jua hadi ngozi kumbanduka, midomo imepasuka, kucha zimejaa vipande vya mlango. Begani alikuwa na michoro ya kuchanjwa ambayo Lepeka aliwahi kuipitishia kidole mstari kwa mstari. Akamgusa shingoni. Mshipa haukupiga, lakini ngozi ilikuwa bado na joto.

"Ni mume wangu! Alikuwa hai!"

"Falaniko tumemzika na kumwombea," Tavite alisema, macho yake yako chini. "Huyu hana jina hapa."

Akenehe hakumwangalia hata usoni. Wakamfunga jiwe, wakampeleka nje ya miamba, wanawake wakimshikilia Lepeka asijitupe majini. Mchana kutwa alilala kifudifudi, akiyapitia maneno ya kaburi moja baada ya jingine. Hata kuhusu gauni na machozi, kaburi halikusema lolote ambalo yeye mwenyewe hakuwa amelisimulia pale.

Jioni alisikia kicheko cha Akenehe nje, akatoka. Bibi alikuwa amepiga magoti kando ya kaburi, akimimina dafu katikati ya vijiwe. Maji hayakutuama. Chini yake kulisikika mmezo... na mwingine... wa kinywa kikubwa.

"Kunywa, mwanangu. Kunywa, baba."

"Mama," kaburi likauliza, "yule wa mlangoni alikuwa anakuita nani?"

"Alikuwa ananiita mama, mwongo yule."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka sauti ikamkatika."

Kaburi likacheka. Lilicheka kwa raha, hadi vijiwe vikagongana. Akenehe akageuka kumtazama mkwe wake, macho yamemjaa machozi ya furaha.

"Unamsikia mumeo, Lepeka? Njoo ucheke naye."