Msiba Usiotangazwa

Jioni ile nilitoka kununua vibua, basi. Eda yangu ilikuwa imekwisha wiki hiyo, na mwanangu Lulu alishachoka mchicha wa kuletewa na majirani. "Mama, leo samaki," alisema, akanisindikiza hadi mlangoni na habari za shule. Mwalimu wao alikuwa amewasimulia watu wa Misri ya kale waliomwabudu paka. Walimtia hereni za dhahabu. Akifa, walimvisha sanda, na nyumba nzima ikanyoa nyusi.

"Sasa wakinyoa nyusi, jasho si litawaingia machoni?" Lulu aliuliza.

Nikacheka kidogo, nikamwacha na jirani yetu, Bi Ashatu.

Niwaambie jambo moja, maana bila hilo hamtanielewa. Mume wangu Mrisho alipofariki, sikulia. Nilimpenda, tena sana. Lakini tangu walipomtoa ndani, kifua changu kilikufa ganzi kama mkono uliolaliwa. Watu walijaa, wakapika, wakalia kwa niaba yangu. Wapo walionong'ona kuwa nina roho ngumu. Niliwasikia, na hilo nalo halikuniuma.

Kwetu, anayekuja kwenye msiba wako nawe huenda kwenye wake. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa eda, kwa hiyo nilidaiwa misiba ya nusu ya Mbegani. Ndiyo maana, nikirudi na samaki wangu giza likianza kuingia, nilipoona ua wa makuti, taa ya chemli na ndala nyingi za kike mlangoni, sikupita. Harufu ya udi na karafuu maiti ilikuwa imejaa njiani. Sikuuliza nani kafa. Mlangoni hakuulizwi. Unavua ndala, unaingia, unatoa pole, na jina la marehemu utalisikia ukishakaa.

Msikitini hawakutangaza kifo chochote siku ile. Na pale nje hapakuwa na mwanamume hata mmoja. Yote mawili niliyaona, ila hayakunishtua. Hakuna lililokuwa likinishtua siku hizo.

"Poleni na msiba," nikasema. "Ni wetu sote."

Vichwa vyote vikanigeukia.

Kisha wakaitika kwa pamoja, chini chini: "Ni wetu sote."

Wanawake walikuwa wamejaa mkekani, kanga wamezishusha hadi machoni. Katikati palikuwa na kitanda kidogo, na juu yake kitu kidogo kimefunikwa kanga mpya. Mtoto, nikadhani. Wa umri wa Lulu, au chini yake. Hapo kifua kikafunguka. Nililia mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa namlilia Mrisho, miezi yote ile ikinitoka kwa mara moja. Ajabu ni kwamba hakuna mwingine aliyekuwa akilia.

Bibi mmoja akanisogelea. "Una mtoto?" akanong'ona.

"Ninaye, bibi. Mmoja."

"Anaitwaje?"

Nikamtajia. Mtu mzima akikuuliza mtoto, unamjibu.

"Lulu," akasema polepole. Aliyefuata akalipokea. Na aliyefuata. Jina la mwanangu likazunguka mkeka mzima... Lulu... Lulu... Lulu...

Bibi akaupeleka uso kwenye mwanga. Hakuwa na nyusi. Nikamtazama wa kushoto kwangu. Naye hakuwa nazo.

Wote hawakuwa nazo.

Mmoja wao akamfunua marehemu uso ili aagwe. Niliona sanda, pamba puani, na hereni ya dhahabu kwenye sikio lililochongoka.

Paka.

"Mabibi zetu walikuja naye kutoka mbali," bibi akasema, bila haraka. "Akiondoka, lazima apatikane wa kukaa mahali pake. Tulikuwa tunangoja wa kumlilia tu. Sisi machozi yalituishia zamani. Na aliyelia, mwanangu, ndiye mwenye msiba."

Hakuna aliyenizuia. Nikachukua mfuko wangu wa samaki, nikavaa ndala, nikaenda. Nyuma yangu sikusikia hatua za mtu. Nilisikia majani makavu tu, yakikanyagwa kwa wepesi sana.

Bi Ashatu alikuwa ndiyo kwanza anakunja mswala. "Msiba gani huo?" akauliza nilipomwambia nilikotoka. "Mbona hawakutangaza?" Kisha akapunguza sauti. "Mtoto alisikia anaitwa, akaenda uani. Aliporudi, akajilaza. Nikamuuliza nani kakuita. Akaniambia, wengi."

Lulu alikuwa amelala mkekani, amejikunja. Nikamsogezea taa. Pale penye nyusi palikuwa laini, kama hapakuwahi kuota kitu. Kwenye sikio lake moja palikuwa na tobo ambalo sikulitoga mimi. Hakukuwa na damu. Palikuwa na hereni ya dhahabu.

Akafumbua macho. Hakuniita. Aliutazama mfuko wa samaki.

Kesho yake nilirudi kule na Bi Ashatu. Ua upo, na nyumba ipo, lakini kufuli la mlangoni limeota kutu. Uani tulikuta kaburi dogo, udongo wake bado mbichi, na mimi sikuthubutu kulifukua. Mashehe wamesoma, wakasoma tena. Nyusi za mtoto hazijaota. Watu husema Lulu amekuwa mtulivu, mtoto mzuri. Mimi ndiye mama yake. Najua kuwa yule si yeye.

Nilitaka kumlilia mwanangu. Nilijaribu kweli, usiku ule ule, lakini macho yalikuwa makavu. Machozi yangu yote niliyaacha kule, kwa paka. Na nani angekuja kunipa pole, ilhali mtoto yupo mkekani, anapumua? Hakuna msikiti ambao ungetangaza msiba wa namna hiyo. Basi nikamwekea kibua kibichi kwenye sahani, chini. Alipoanza kula, nikautafuta wembe wa marehemu Mrisho, nikanyoa nyusi zangu.

Jasho huingia machoni, Lulu, kweli kabisa. Wanaoniona juani hudhani nalia.