Kizibao cha Bonge

Kila asubuhi Klara alimpa Bonge uji, akamkung'uta majivu ya mekoni alikolala, kisha akaenda shule. Sweta alilovaa hakumvua. Lilikuwa la marehemu mjomba Zabron, lililopunguzwa kwa mkasi na sindano. Mjomba alikuwa mlinzi wa nyumba ya wageni hapo Lushoto, na wageni fulani walipohama walimwachia mbwa huyo mnene, mwenye uso bapa kama aliyegonga mlango. Mjomba alifariki kabla ya Pasaka. Bonge akabaki na Klara.

Mwezi wa saba familia ingeshuka Mombo kuvuna mpunga, na nyumbani asingebaki mtu, kwa hiyo Bonge naye ilibidi aende. Jumamosi moja Klara na mama yake wakampeleka Bonge kwa Fanueli, daktari wa mifugo.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Huyu ndiye anayekwenda Mombo? Mbwa wa pua fupi hivi hahemi vizuri. Joto la kule linaweza kumuua." Akatoa simu yake, akawaonyesha picha. "Kuna vizibao vya kupoza mwili, vinauzwa Tanga. Chagueni."

Klara akaonyesha chekundu. "Hiki! Ndani kina manyoya."

Daktari akacheka. "Nyinyi watu wa milimani! Hicho ni cha baridi, mtampika. Chukueni hiki cha kijivu, chepesi. Unakilowesha, unakikamua, unamvalisha. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Lakini lazima kiguse mwili, kama kitambaa cha maji kwa mtoto mwenye homa. Kikipwaya hakina kazi. Mmempima?"

"Klara alimpima jana," mama akasema. "Kifua sentimita sitini na mbili."

"Ulipima vizuri, binti?"

"Ndiyo."

Daktari akaanza kuandika oda. Klara akamtazama Bonge, aliyekuwa akikoroma huku macho yamefumbuka. Jana alikuwa amezungusha futi ya fundi juu ya sweta. Mama alimwambia alivue kwanza, lakini sweta lile lilikuwa bado linanuka moshi wa kuni alizoota mjomba lindoni, na Klara aliogopa harufu ile ingepotea.

"Daktari, subiri," akasema. "Nilipima juu ya sweta."

"Klara! Si nilikwambia umvue?"

"Uliniambia, mama."

Klara akalivua sweta mwenyewe. Bonge akapiga chafya. Futi ikaonyesha hamsini na tatu.

"Kile kingemning'inia kama gunia," daktari akasema, akafuta namba ya kwanza.

Mama akalikunja sweta taratibu, akalitia kwenye kikapu.

Siku ya kwanza ya mavuno kule Mombo, kabla ya adhuhuri, Bonge alikuwa akihema ulimi nje. Klara akalowesha kizibao, akakikamua, akamvalisha. Kikamkaa sawasawa. Baada ya muda, mbwa akalala chini ya turubai na kuanza kukoroma.

"Mbwa ana nguo mpya, mimi nina shati la mwaka juzi!" jirani yao shambani, mzee Sefania, akalalamika. Wote wakacheka.

Mama akaketi karibu na Klara. "Siku ile uliona aibu, nilikuona. Lakini ulisema kabla oda haijatumwa. Ungenyamaza, leo tungekuwa tunachimba shimo la kumzika. Ukikosea, sema upesi, wakati bado kosa linarekebishika."

"Na sweta, mama?"

"Nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni. Tukipanda Lushoto atalivaa, na moshi wa mjomba wako utakuwamo."

Klara akachukua ndoo, akaenda kuteka maji. Kizibao kilikuwa kimeanza kukauka.