Jiwe la Mbele

Jiwe lile lilikuwa limelowa, na Garissa ilikuwa haijaona mvua tangu mwaka uliopita.

Saado Jelle aliliona asubuhi ya kwanza alipokwenda kuomba kibali cha kusafiri. Ofisi ya wakimbizi haikuwa na benchi wala kivuli, kwa hiyo watu walipanga foleni kwa mawe. Baada ya sala ya alfajiri kila mtu aliweka lake chini ya dirisha, kisha akaenda kujibanza ukutani jua lisimuue. Saado aliweka jeupe, aliloliokota ukingoni mwa mto Tana. Mbele ya mawe yote lilikuwa lile jeusi, likichuruzika maji na kunuka tope la masika. Kila mtu alilizunguka.

"Usiguse hiyo, walaal, ndugu yangu," akanong'ona mzee Kerrow, aliyeisimamia foleni kwa kuwa alikuwa amengoja kuliko wote. "Hiyo iko na mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Anangoja. Hata kabla hii ofisi haijajengwa, alikuwa anangoja."

Saado akacheka kwa uchungu. Alikuwa amekimbia vita Kismayu na bintiye Nasteho, mtoto wa miaka sita, akapata chumba mtaani Waberi kwa binamu yake Barwaqo. Sasa jicho la mtoto lilikuwa limevimba, na daktari alisema apelekwe Nairobi upesi, la sivyo atapofuka macho yote mawili. Lakini mwaka huo wa tisini na tatu mkimbizi havuki daraja la Tana bila kibali. Polisi wa kizuizi cha hapo humrudisha, awe mgonjwa au maiti. Na kibali, Mungu atusamehe, kilikuwa mikononi mwa karani aliyefungua dirisha akitaka na kulifunga akisikia njaa.

"Mama, rudi kesho. Mkubwa hayuko."

Kesho yake: "Mama, si umeambiwa picha ni mbili?"

Alipoleta picha, muhuri ulikuwa umekwenda Nairobi na mkubwa.

Wiki zikapita hivyo. Asubuhi moja Nasteho alipapasa kikombe cha chai kilichokuwa mbele yake, asikione. Saado akatoka nyumbani kwa hasira. Alipofika foleni alilinyakua lile jiwe jeusi kwa mikono miwili, baridi yake ikamwingia mifupani, akalitupa vichakani na kuweka lake pale lilipokuwa. Mzee Kerrow akaanza kusoma Ayatul Kursi.

Dirisha likafunguka. "Saado Jelle!" Muhuri ukagongwa bila swali hata moja.

Alirudi Waberi karibu akimbie. Barwaqo alimpokea mlangoni.

"Saado," akanong'ona, "chumbani kunanuka mvua."

Nasteho alikuwa ameketi sakafuni amenyooka, ameuelekea ukuta, maji yakimtiririka nyweleni ilhali mtungi ulikuwa mkavu, na alipoitwa hakugeuka, na alipoguswa alikuwa baridi kama lile jiwe, na alipofungua kinywa sauti iliyotoka haikuwa yake, bali ya mtu mzima aliyechoka, aliyechoka kwa miaka ambayo hakuna binadamu aliyepata kuiishi.

"Nangoja."

Sheikh Aden akaitwa. Alisoma tangu alasiri hadi maghrib, ubani ukajaa chumba kizima.

"Sitaki ubani," akasema jini. "Sitaki damu ya mbuzi. Nataka zamu yangu."

"Zamu imepita," sheikh akajibu, jasho likimtoka. "Kibali kimeshatolewa."

"Basi nitangoja humu."

Mtoto akaanza kukohoa maji ya tope. Saado akapiga magoti mbele yake. "Unataka nini ili umwache?"

"Pale mbele hapakai patupu. Mmoja lazima angoje."

Saado hakuuliza mara ya pili. "Nitakaa mimi," akasema, na akamtia Barwaqo kibali mkononi. "Abaayo, dada yangu, mpeleke wewe. Ukiulizwa, wewe ndiye Saado."

Kitu cha baridi kikawapita kuelekea mlangoni, nyayo zilizolowa zikaandikika uani, na harufu ya mvua ikatoka nacho. Nasteho akalia kwa sauti yake mwenyewe, akimwita mama: "Hooyo!" Mama yake akambusu lile jicho bovu, akajifunga shela, akashika njia ya ofisini.

Darajani askari aliitazama picha ya Saado, akamtazama Barwaqo, akasema, "Pita." Kwake Wasomali wote walikuwa sura moja.

Jicho likapona. Waliporudi Garissa, Barwaqo alimpeleka mtoto moja kwa moja ofisini. Mawe yalikuwa mengi kuliko zamani.

"Saado?" mzee Kerrow akarudia alipoulizwa. "Tangu mwende hakuna mtu amemwona."

Mgeni mmoja aliinama kusogeza jiwe la mbele, jeupe, linalochuruzika maji. Kerrow akamshika mkono.

"Usiguse hiyo. Iko na mwenyewe."

Dirishani karani alikuwa anafunga, amesikia njaa. Nasteho alikwisha kuuchomoa mkono wake mkononi mwa Barwaqo. Aliketi mavumbini kando ya lile jiwe, akainua macho yake mawili mazima, na kwa ncha ya shela yake akaanza kupangusa hewa.

"Hooyo," akasema, "mbona umelowa hivi?"