Programu ya Tangi la Maji

Kila siku baada ya masomo, Wavinya alipitia chumba cha kompyuta cha shule yao karibu na Kyumbi, akawasha mashine kuukuu na kuanza kazi. Mashine hiyo ilikuwa na programu ya kuweka vipimo vya tangi la maji, iliyoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Perl na mwalimu aliyekwisha kuhama. Wavinya alijua lugha nyingine ya kompyuta, Python, peke yake. Wenzake walimshauri afute yote aanze upya. Akakataa katakata. Kwa nini atupe kitu kizima? Alitafuta moduli, yaani kipande cha ziada cha kupachika Python ndani ya Perl, kama mkalimani kanisani anayesimama kati ya mhubiri na waumini. Sasa Perl ilisoma vipimo, Python ikapiga hesabu maji yataisha lini.

Siku ya wazazi ikawadia. Mzee Mumo, mwenyekiti wa kamati ya shule, alitaka chumba kile kiwe ghala la mahindi.

"Tuonyesheni kazi yenu kwanza," alisema, "ndiyo tuamue."

Wavinya alifungua programu kwenye kompyuta ya ukumbini. Ikagoma. Alikuwa amenakili programu tu, moduli akaiacha kwenye mashine kuukuu.

Kaloki, mwenzake katika chama cha kompyuta, akamnong'oneza, "Si uandike tu 'maji yatatosha'? Hao wazazi watajua aje?"

"Na yakiisha? Utakunywa hayo maandishi?"

"Tutanyang'anywa chumba, Wavinya!"

"Wachukue. Mimi siandiki uongo."

Akawageukia watu, kidevu kikiwa juu. "Programu imekataa. Ni makosa yangu, nimesahau moduli. Lakini inafanya kazi, na anayebisha anifuate chumba cha kompyuta sasa hivi!"

Minong'ono ikazuka. Mtoto gani huyu wa kuwaamrisha wazee? Mzee Mumo alikunja uso, kisha akachukua mkongojo wake, akatangulia mlangoni.

Kule chumbani mashine kuukuu ilinguruma, ikakawia, hatimaye ikatoa jibu. Maji yangeisha kabla ya shule kufungwa.

"Aiya! Na bado tunaosha nayo magari ya walimu?" Mzee Mumo alimtazama mwalimu mkuu, naye akatazama viatu vyake. "Kuanzia leo hakuna gari litakalooshwa hapa. Hayo mahindi tutayatafutia mahali pengine."

Wavinya alishusha pumzi. Mwalimu Kasiva, mlezi wa chama chao, aliyekuwa amesikia ule mnong'ono wa Kaloki ukumbini, akamshika bega.

"Ungeandika lile jibu la uongo, tungebaki na chumba na kiu pia," alisema, akimtupia Kaloki jicho. "Ukisema umekosea, watu watakusaidia kurekebisha. Ukificha, kosa lako litawaumiza wengine. Haya, kaa chini unakili hiyo moduli."